Kisu Ambacho Kinyozi Hakukifunga

Usikosee ukadhani Kinyozi alikuwa na kiti cha kuzunguka na kioo ukutani. Kichwa cha binadamu hajawahi kukigusa kwa wembe, na chake mwenyewe ukikiona utageuza njia: nywele zimesimama kama brashi ya viatu. Alichonyoa yeye ni viwanja vya chuo. Kuanzia geti kubwa mpaka nyuma ya mabweni, majani yote yale yalikuwa mali yake, na akishapita na mashine ungedhani mtu ametandika shuka la kijani kisha akalipiga pasi. Wanafunzi walimpa jina, naye akalivaa kama koti jipya.

Kujisifu alijua. Na mimi ninayekwambia haya si mtu wa kupitwa kirahisi katika fani hiyo, lakini kwa Kinyozi navua kofia.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati kando ya tangi la maji, kinanuka petroli na majani makavu. Mashine zimepangwa ukutani kama ng'ombe zizini. Kila spana inaning'inia kwenye msumari wake, na nyuma ya kila spana amechora umbo lake ukutani kwa mkaa, ili ikikosekana moja pengo limwite. Ukiingia na matope miguuni anakufukuza kama kuku.

Humo ndani kulikuwa na sheria, na sheria kubwa zilihusu visu. Mtu asiyejua hudhani mashine ya majani ikizimwa imekufa. Haijakufa, imesinzia. Ukipeleka mkono chini yake ukakizungusha kisu kidogo tu, injini inaweza kushtuka ikapiga, na vidole vyako vikabaki kwenye majani. Kwa hiyo kabla ya lolote, Kinyozi alichomoa waya wa plagi na kuukunja mbali. Kisha akailaza mashine ubavuni, upande wa kabureta ukiangalia juu, maana ukiukosea oili inamwagikia pasipohusika na utaivuta kamba mpaka bega litoke. Glavu nene. Kipande cha ubao cha kukizuia kisu kisizunguke. Ndipo spana.

Na mwisho wa kazi, baada ya bolti kukazwa mpaka mishipa ya shingo isimame, alifanya jambo alilolibuni mwenyewe. Alichukua rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, akapiga mstari mmoja kuanzia kichwa cha bolti mpaka juu ya kisu. Mstari ukionekana umekatika, bolti imesogea, mashine haitoki. Mstari ukiwa mzima, lala usingizi.

"Ukiona wekundu wangu," alikuwa akitangaza, "kaa mbele ya mashine unywe uji."

Rangi yenyewe aliiiba kwenye meza ya vipodozi ya mkewe. Mke alilalamika, akazoea, mwisho ikawa wanakopeshana kichupa kama majirani wanavyokopeshana chumvi.

Sasa umfahamu shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake mke, mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenye ulimi mtamu na mikono ya haraka. Alikaa bila kazi muda mrefu mpaka dada yake akaanza kusinyaa kwa mawazo. Kinyozi akaenda kumlilia msimamizi wa viwanja, akarudi tena, akarudi tena, mpaka msimamizi akachoka kuiona ile brashi ya viatu mlangoni kwake. Shemeji akaandikwa kibarua wa kukata majani, akingoja kuthibitishwa.

"Shemeji, mimi ni wako," alisema siku ile, akimshika Kinyozi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ukisema ruka, nauliza tu niruke wapi."

"Usiruke popote. Kata majani. Na visu usiguse mpaka nikwambie."

"Hata kwa kidole?"

"Kidole ndicho kinachoanza kukatika."

Wakacheka. Walipatana kuliko ndugu wa tumbo moja. Mchana walikula sahani moja kwenye kivuli cha tangi, na Kinyozi alimtania kwamba dada yake anakoroma, na shemeji alijibu kwamba hata wao nyumbani walilijua hilo, ndiyo maana walimwoza upesi.

Mtu wa tatu ni Kamanda, mlinzi wa geti. Jeshi hajawahi kuliona zaidi ya kwenye picha, lakini alitembea kana kwamba linamngoja. Yeye na Kinyozi walikuwa na kesi isiyokwisha. Kila Kinyozi alipofika na mashine karibu na geti alimwambia aingie kibandani, maana kisu kinaweza kuokota jiwe kikalirusha. Na kila mara Kamanda aliingia huku akinung'unika kwamba anaondolewa madarakani.

Jumatatu moja asubuhi, Kinyozi alitoa ile mashine kubwa ya kusukuma. Akachomoa waya wa plagi, akailaza, akachungulia. Mstari mwekundu, mzima, haujakatika. Akaisimamisha, akarudisha waya, akavuta kamba. Alipofika getini, Kamanda alikuwa kitini na kikombe chake cha chai, miguu ameinyoosha.

"Ingia ndani, mheshimiwa."

"Leo siingii. Chai ina moto."

"Kikombe kina miguu? Kibebe."

Kamanda akapuliza chai bila haraka. "Kisu umefunga wewe?"

"Nani mwingine?"

"Basi nakaa. Si wewe unayesema tukae mbele ya mashine tunywe uji? Mimi nimeamua chai."

Hapo Kinyozi angezima mashine. Lakini mtu akisifiwa kwa maneno yake mwenyewe, masikio huziba kidogo. Akacheka, akasukuma.

Mlio ulikuja kama sufuria lililoangushwa ngazini. Mashine ikaruka mikononi mwake, ikaanza kutetemeka kama yenye homa, akaizima. Akasikia kikombe kikivunjika. Alipoinua macho Kamanda alikuwa amelala kando ya kiti, ameshika mguu, na hakupiga hata ukelele. Kipande cha kisu, chenye urefu wa kidole, kilikuwa kimempiga mfupa wa mbele wa mguu kikaenda kugonga nguzo ya geti.

Walipokuwa wanampakia kwenye gari, Kinyozi alishika ukingo wa machela.

"Kamanda."

"Ulisema umefunga wewe," alisema Kamanda, na akageuza uso upande wa pili.

Gari likaondoka. Kinyozi akarudi kwenye mashine. Akachomoa waya wa plagi, akailaza. Akaangalia pale kisu kilipokatikia. Chuma kilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia, kama michirizi ya petroli juu ya maji. Hiyo ni rangi ya moto. Mtu alikichoma kisu hiki kikawa chekundu, akakipiga nyundo kikanyooka. Na kisu kilichopinda hakinyooshwi. Kinatupwa. Kikikunjuliwa kwa moto kinakuwa kama biskuti, kinangoja tu siku ya kuvunjikia.

Kisha akautazama mstari wake. Alikifunga kisu hicho majuma kadhaa nyuma, na rangi ilipaswa kuwa imefifia na kushika utomvu wa majani. Hii ilikuwa inang'aa. Ilikuwa mpya kama kucha za bibi harusi. Asubuhi alikuwa ameona wekundu tu, akatosheka, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa akaitika kabla ya kuuliza nani anamwita.

Jumamosi aliyekuwa zamu ni shemeji peke yake. Hilo lilimjia upesi. Jambo la pili lilikuja polepole, na ndilo lililomkalisha chini kwenye majani. Kichupa cha rangi hakikuwa karakanani. Alikirudisha nyumbani Ijumaa, kwa sababu mkewe alikuwa na sherehe ya shoga yake na alitaka kupaka kucha.

Alimkuta mkewe ukumbini anakunja nguo. Habari ilikwisha kufika; ilikuwa imeandikwa kwenye namna alivyokuwa anakunja shati moja mara ya tatu.

"Mama watoto, Jumamosi mdogo wako alikuja hapa?"

"Alipita."

"Akachukua nini?"

Alilaza shati juu ya goti. "Aliomba rangi. Nilijua umemtuma."

"Nilimtuma mimi?"

Mke akaketi vizuri, akamgeukia, na sauti yake ikawa ile ya kuwabembelezea watoto dawa.

"Baba watoto, nisikilize. Alikuwa anasukuma mashine huku anaangalia simu, akagonga ukingo wa barabara, kisu kikapinda. Aliogopa. Mwezi huu ndio wanaamua kama wanamthibitisha. Akakipeleka kwa mchomeleaji kule njia panda kikanyooshwa. Alidhani imekwisha. Alinieleza Jumamosi ileile, akalia kama mtoto."

"Jumamosi ulijua."

"Nilijua kimenyooshwa. Sikujua kitavunjika!"

"Na jana tumeshinda pamoja kutwa nzima. Umenipa chai, umenipa chakula, umenichekea."

"Ningesemaje? Nikuchongee mdogo wangu?" Akamshika mkono. "Wewe ni mkongwe pale. Watakufokea, wataandika onyo, basi. Yeye wakimfukuza ni basi kabisa. Libebe hili, mume wangu. Mara moja tu."

Kinyozi aliutazama ule mkono juu ya mkono wake. Kucha zilikuwa nyekundu, zimepakwa vizuri, hazina hata tone lililotoka nje ya mstari.

"Kamanda alikaa pale kwa sababu yangu," alisema.

"Kamanda atapona."

Usidhani alipiga kelele. Wengi wangegeuza meza, na mimi mwenyewe, kwa hasira nilizojaaliwa, ningegeuza na kabati. Yeye aliinuka akaenda kunawa, na alinawa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Alijiambia shemeji atasema mwenyewe. Mtu mliyekula naye sahani moja, akikuona umesimamishwa mbele ya watu, ulimi utamwasha.

Kesho yake msimamizi aliita kikao ofisini kwake. Mashine ililazwa juu ya magazeti katikati ya chumba, kama maiti inayongoja kutambuliwa. Wakata majani wote walikuwepo. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mambo mengi na simu inayolia.

"Hii alama nyekundu ni ya nani?"

Vicheko vidogo vikapita. Nani asiyejua? Kinyozi ameitangaza alama ile kama mgombea uchaguzi.

"Rangi ni yangu," alisema. "Mkono si wangu. Kisu hiki kimechomwa moto, mkuu, tazama ubluu huu. Mimi sijawahi kunyoosha kisu."

"Sawa, hukunyoosha. Asubuhi uliiona bluu hiyo?"

"Niliona alama, sikuona zaidi."

"Basi nani kakifunga?"

Kinyozi akamtazama shemeji. Alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi na kujikusanya. Alimpa nafasi kama unavyompisha mgeni mlangoni. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Jumamosi zamu ilikuwa ya shemeji yangu," alisema Kinyozi hatimaye.

Ofisi nzima ikageuka. Shemeji akainua uso, na uso ulikuwa na huruma. Huo ndio uliomuumiza kuliko yote. Alikuwa anamhurumia!

"Mkuu, mimi nilikata majani tu. Visu sina ruhusa, shemeji mwenyewe alinikataza hata kwa kidole. Nadhani amechoka. Ana mawazo mengi nyumbani."

"Rangi ulichukua kwa dada yako!" Sauti ya Kinyozi ilipanda.

"Rangi gani tena, shemeji?"

Msimamizi akapumua kama tairi. "Kinyozi, namba ya mkeo hii hapa. Tumuulize, tumalize." Akapiga, akaweka simu mezani sauti ikiwa juu. Mke akapokea, akasalimia kwa adabu. Msimamizi akamuuliza kama Jumamosi mdogo wake alifika nyumbani kuchukua rangi ya kucha.

Ilisikika nguo ikikung'utwa. Kisha sauti aliyoishi nayo ikasema, "Mambo ya kazini kwenu mimi siyajui, baba. Sikumbuki kitu kama hicho."

"Asante, mama."

Kikao kikaisha hapo. Hawakumfukuza. Walimnyang'anya ufunguo wa karakana, na kwa kuwa aliyebaki anayejua angalau majina ya spana ni shemeji, ufunguo ukaenda kwa shemeji. Kinyozi akapewa kukaa getini mpaka Kamanda apone. Wenzake walitoka mmoja mmoja, na mmoja wao akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Kumsingizia shemeji yako, jamani."

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, shemeji alibisha hodi nyumbani. Mkononi alikuwa na kisu kipya cha mashine kilichofungwa kwenye gazeti, mtu angedhani ameleta samaki. Dada yake alikwisha kuweka viti viwili na chai katikati. Walikuwa wamepanga.

"Shemeji," alisema shemeji, akikaa kwenye ncha ya kiti, "yaliyopita tuyaache yapite. Wanataka mashine zote zifungwe visu upya kabla ya mechi ya wanafunzi. Mimi najua kufungua na kufunga, lakini kunoa, kupima, yale mambo yako... nisaidie."

Kinyozi alicheka. Kilimtoka chenyewe, kicheko kikavu kama kikohozi.

"Umenivua suruali mbele za watu, sasa unataka na mkanda?"

"Baba watoto," alisema mkewe polepole, "usipomfundisha atafunga vibaya. Ataumiza mtu mwingine."

Na hapo walimpata, maana ilikuwa kweli. Kiwanja cha mechi kitajaa watoto wa watu. Kinyozi aliona miguu yao, mingi, imenyooshwa kwenye ukingo wa majani. Akavuta kiti.

"Fungua gazeti."

Alimfundisha yote. Alimwonyesha mabawa ya kisu, yale yaliyokunjwa kwenye ncha, kwamba lazima yaangalie juu kwenye tumbo la mashine; ukikifunga kinyume kitapapasa majani badala ya kukata. Alimwonyesha kunoa kwa tupa upande wa juu tu, kwa kufuata mlalo uleule wa kiwandani, na kwamba makali ya kisu cha majani yakiwa kama wembe yanapasuka mapema, yatosha yawe kama kisu cha siagi kilichochangamka. Akapigilia msumari kwenye fremu ya mlango, mkewe akitazama fremu yake bila kuthubutu kusema, akaning'iniza kisu kwa tundu la katikati. Kikainama upande mmoja.

"Upande mzito ndio unaonolewa tena kidogo. Mpaka kilale sawa. Kisipolala sawa kitaitikisa mashine, bolti italegea. Ukiona ufa, tupa. Kimeliwa kikawa chembamba, tupa. Kikipinda?"

Shemeji akakigusa kisu kipya. "Natupa."

"Hata kama unaogopa kufukuzwa?"

"Natupa, shemeji."

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alirudia kila kitu bila kukosea, na Kinyozi alijikuta, kwa dakika chache za aibu, anafurahia.

"Sasa ada yangu," alisema. "Sitaki msimamizi ajue. Sitaki ufunguo. Kesho nenda kwa Kamanda, peke yako, umwambie nani alifunga kile kisu. Huyo mmoja tu."

Shemeji alimtazama dada yake. Dada yake alitazama birika.

"Hilo nipe muda, shemeji."

"Mpe muda, baba watoto," alisema mke. "Kidogo tu."

Shemeji akakunja kisu ndani ya gazeti lake akaondoka nacho, na ujuzi wote kichwani.

Kinyozi alikaa getini. Alifungua, alifunga, alisalimia. Mechi ilichezwa, visu vilikata vizuri, na msimamizi alimsifu shemeji mbele ya watu. Alithibitishwa. Kila asubuhi alipita getini na baiskeli yake, "Za asubuhi, shemeji?", na Kinyozi alijibu "Nzuri," kwa kuwa ndiyo kazi ya mtu wa geti.

Kisha Kamanda akarudi. Alikuja na fimbo ya kutembelea, mguu mmoja ukichelewa nyuma ya mwenzake, mwendo wake wa kijeshi umeharibika kabisa. Kinyozi akainuka kwenye kiti. Kamanda hakukaa.

"Huko kitandani mtu hana la kufanya ila kufikiri," alisema. "Pale kwenye machela uliniita, nami nikageuza uso bila kukusikiliza. Sasa nakuuliza. Kisu kile ulifunga wewe?"

"Hapana."

"Nani?"

Shemeji alikuwa anakuja na baiskeli yake, anapiga mluzi. Kinyozi akaonyesha kwa kidevu. "Muulize huyo."

Kamanda akanyoosha fimbo mbele ya gurudumu. Baiskeli ikasimama. Akapandisha mguu wa suruali mpaka gotini, na kovu likaonekana, jekundu na lililokunjamana.

"Kijana, nani alifunga kisu kilichofanya hivi?"

Wafanyakazi wengine hawakuwa wamefika. Mkuu hakuwepo. Hapakuwa na wa kusikia ila wale wawili, na Kinyozi alingoja. Hata wakati ule alikuwa bado anamngoja.

Shemeji alilitazama kovu, akatazama saa.

"Mimi mzee wangu nafunga visu kama shemeji alivyonifundisha," alisema. "Nachelewa."

Kinyozi akafungua geti. Baiskeli ikapita. Akalifunga tena, akasukuma komeo mpaka mwisho. Kamanda alishusha mguu wa suruali taratibu, macho yake yakimfuata mwenye baiskeli mpaka akaingia karakanani.

"Ameangalia saa," alisema. "Mtu ambaye hakufanya angeniangalia usoni." Akakaa kwenye kiti, akaegemeza fimbo ukutani, akafikiri. "Na dada yake? Anajua?"

Kinyozi alibaki ameshika komeo.

"Anajua," alisema. "Na tangu siku hiyo ananipikia vizuri mno."